Mlima Juu ya Kitanda cha Bakari

Bofu, Likoni,
Mombasa.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo na kwa asubuhi zote ambazo sikuwapo hapo uani nikakuamkia kwa mdomo wangu. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, Riziki amelala mkekani kando yangu, na upepo unanigeuzia karatasi kila nikiinua mkono, kwa hiyo ukiona mistari imepinda usidhani nilikuwa nalia. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Wewe je, kifua kinakuacha ukalala? Kaka Kombo ameniambia bado unatoka mwenyewe kwenda kuchuma karafuu za matawi ya chini, hali umande haujakauka. Mama, tafadhali waachie wajukuu kazi hiyo. Nao wamekuwa wakubwa sasa, wanachotaka ni kuamrishwa tu.

Najua barua hii unaingoja kwa hamu na kwa hasira kidogo. Ulimtuma Kaka Kombo avuke maji aje anichukue, na amekurudia peke yake na kikapu cha korosho. Sijui amekuelezaje. Unamjua mwanao, habari ya nusu saa yeye huisimulia tangu alasiri hadi isha, na jambo lenyewe akalisahau. Nimeona nikueleze mimi, tangu mwanzo, usije ukanidhani nimekuwa na kiburi cha mjini.

Habari ya kuanguka kwa Bakari uliipata. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, na yeye na makuli wenzake walikuwa wakishuka ngazi ya kuingia ngamani, kule chini ndani ya tumbo la meli wanakopanga shehena. Mguu ukateleza. Omondi, rafiki yake wa kazini, ndiye aliyekuwa nyuma yake, na anasema walipomfikia alikuwa macho kabisa, anauliza kofia yake imekwenda wapi. Miguu tu ndiyo haikumjibu, na mpaka leo haijamjibu. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ni uti wa mgongo, na kwamba nisimdanganye mgonjwa wala nisijidanganye.

Ambalo hukupata kulijua ni habari ya Yani. Huyu alikuwa baharia wa Kizungu aliyelazwa kitanda cha pili pale hospitali, amevunjika paja, meli yake imekwisha ondoka. Kijana mrefu, miguu yake ilipita mwisho wa kitanda. Hakuwa na mtu wa kumtembelea, nami nilipompelekea Bakari uji nilikuwa nampelekea na yeye kikombe. Basi Yani alikuwa na kitabu na mfuko wa dadu, lakini si dadu hizi za pande sita tunazozijua. Moja ilikuwa na pande nyingi hata ikakaribia kuwa duara. Akamfundisha Bakari mchezo wa kwao, kwa Kiingereza cha bandarini ambacho wote wawili walikielewa.

Mchezo wenyewe ni hivi, mama. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja anachagua awe mtu gani ndani ya hadithi: tabibu, mwizi, nahodha, anavyotaka. Msimulizi anasema, mmefika mtoni, mto umefurika, mnafanya nini? Kila mtu anasema atakalofanya, kisha anarusha dadu, na nambari ndiyo inayoamua kama amevuka au amechukuliwa na maji. Hakuna anayejua mwisho, hata msimulizi mwenyewe. Nilikuwa nikiwakuta wanacheza wawili tu, Yani anasimulia, Bakari anajibu, na mume wangu anacheka. Yani alipopona akasafiri, alimwachia Bakari kitabu na dadu. Tuliporudi nyumbani nikavitia kwenye bati la biskuti nikalisukuma chini ya kitanda, tukavisahau.

Tulirudi kwenye chumba chetu kilekile cha mbele, katika nyumba ya Shangazi Mwanasiti, dada wa marehemu baba yake Bakari. Mwanzoni watu walijaa. Omondi alikuja na Kahindi, na makuli wengine wa zamu yao, wakakaa mpaka viti vikawa havitoshi. Baadaye wakaja wachache. Baadaye wakawa wanatuma salamu. Siwalaumu, mama. Mtu akiingia anakutana na harufu ya dawa, anauona mpira wa mkojo, anaiona miguu imelala chini ya shuka kama vitu vya mtu mwingine, basi anatazama ukuta. Anasema pole. Bakari anasema ahsante. Tena basi.

Naye akaugeukia ukuta. Ndevu zikamwota, akawa hataki dirisha lifunguliwe. Nilikuwa namgeuza ubavu huu na ubavu huu asipate vidonda, na wakati mwingine namgeuza hali hajui kama ni mimi au ni Shangazi, kwa sababu hakufungua macho. Niliandika kwako wakati ule kwamba mambo ni mazuri. Uliposoma ukajua si mazuri, ukamtuma Kaka Kombo.

Alikuja akiwa amejaa vumbi na heshima, akamwamkia Shangazi, akambeba Riziki, akaingia kukaa na shemeji yake. Alikuwa na haya, naapa. Alizunguka sana. Mwisho akasema, "Shemeji, mama anasema Zuwena ni mtoto wake wa mwisho. Anasema aje nyumbani apumzike, yeye na mtoto. Hakusema zaidi."

Bakari hata hakugeuka. Akasema, "Mama amesema kweli. Mchukue."

"Si kwamba tunakutupa…"

"Mchukue, Kombo. Hapa anakaa na gogo. Gogo halina haja ya mke."

Nilikuwa nimesimama palepale na sinia la chai mkononi. Hakuna aliyeniuliza chochote. Wakapanga safari yangu wao wawili, mmoja anatazama ukuta na mwingine anatazama viatu vyake. Kaka Kombo alikuwa na shughuli za kutafuta vipuri vya boti, akasema atakaa Ziwa la Ng'ombe kwa yule mkwe wetu hadi avipate, kisha atakuja kunichukua. Nikasema haya. Nilikuwa nimechoka, na nikikumbuka kisima chetu na sauti yako ukimwita kuku, moyo ulikuwa ukinivuta huko kwelikweli. Hilo sikufichi.

Nikaanza kufunga nguo. Nilipovuta sanduku kutoka chini ya kitanda, lile bati la biskuti likaja nalo, likapinduka, dadu zikatawanyika sakafuni. Ile ya pande nyingi ikabingirika mpaka ukutani.

Bakari akasema, "Imeangukia ngapi?"

Mama, lilikuwa swali la kwanza alilouliza tangu Kombo aondoke, na labda kabla ya hapo. Nikainama nikatazama. "Kumi na saba."

"Hiyo ingemvusha mtu mto," akasema.

"Mto gani?"

Akaanza kunisimulia mto ambao yeye na Yani walishindwa kuuvuka pale hospitali, na daraja lake la kamba, na mlinzi wa daraja aliyekuwa akitaka alipwe kwa vichekesho. Alizungumza mpaka Riziki akaacha kula akamsogelea. Nikairudisha nguo niliyokuwa nimeishika ndani ya kabati, si kwa kuamua, ila kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imejaa na nilitaka kukaa nisikilize.

Kesho yake nilivuka kivuko nikaenda Changamwe kumtafuta Omondi. Nilimkuta anafua nguo zake. Nikamwambia, Jumapili njoo na Kahindi, Bakari ana mchezo anataka watu. Omondi alijikausha mikono polepole. "Bibi yake Bakari," akasema, "mimi naogopa kuja huko. Mimi ndiye nilikuwa nyuma yake. Akinitazama sijui niseme nini."

"Usiseme kitu. Rusha dadu tu."

Wakaja. Na mchezo ule wa kwanza, mama, ulikuwa msiba. Bakari alianza kama alivyofundishwa, na ngome ya mawe iliyozungukwa na theluji. Omondi akauliza theluji ndiyo ile ya kwenye friji? Kahindi, ambaye ni Mgiriama mpole asiyependa kumuudhi mtu, alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, macho yanamkimbia kila yakikutana na ule mpira wa mkojo. Bakari anasema, mko mbele ya lango, mnafanya nini? Kahindi anajibu, "Pole lakini, ndugu yangu." Ngome yote ikaporomoka hapo. Walijaribu mara mbili tatu tena, kisha wakakohoa, wakaaga. Bakari akaniambia, "Zile dadu mpe Riziki achezee," akaugeukia ukuta wake.

Nilikwenda jikoni nikakaa mbele ya jiko. Na pale, mama, nikakukumbuka wewe. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinichukua kwenda kupaka hina maharusi. Hukuwahi kumgusa bi harusi kabla hujakitengeneza chumba. Ulishusha pazia, ukafukiza udi, ukatandika busati jipya, ukawatoa nje wote wenye maneno mengi, na msichana aliyeingia akilia kwa kuogopa akawa anajitazama mikono yake kama malkia. Hukumwambia asilie. Ulikitengeneza chumba tu. Nikasema, kosa si la mchezo, wala si la Omondi. Kile chumba kinasema ugonjwa kwa sauti kubwa, na hakuna hadithi inayoweza kusikika humo.

Basi wiki ile sikufunga nguo. Nilitengeneza chumba.

Nilichukua kitambaa cha bafta nyeupe, nikaichemsha kwenye chai nzito mpaka ikawa rangi ya kitu cha kale, nikaianika. Nilipoikunjua nikamuuliza Bakari, "Huko kwenye hadithi yako kuna nini?"

"Hakuna hadithi."

"Haya. Nitachora mwenyewe, nikikosea ni juu yako."

Nikakaa sakafuni na koni yangu ya hina nikaanza kuchora ufuo. Nikatia mji, nikatia njia. Akawa anachungulia. Mwisho akashindwa. "Mji hauwezi kukaa hapo, Zuwena. Watakunywa maji gani?" Nikasema kuna kisima. Akafikiri. "Kisima kimeingia chumvi," akasema. "Ndiyo maana wanasafiri. Chemchemi iko nyuma ya mlima." Theluji na ngome vikaishia hapo. Ikawa ni nchi yetu, ya makuti na matumbawe na minazi, lakini haiko popote. Nilichora kwa hina, na sehemu za hatari nikazitia piko nyeusi. Mji ule tukauita Chanjaani, kwa sababu Riziki alipoulizwa jina ndilo alilolisema, na hatukuwa na lingine.

Watu tuliwafanya kwa korosho mbichi za mikorosho ya Shangazi, zenye maganda yake. Umezitazama vizuri korosho, mama? Kila moja ni mtu aliyeinama kidogo. Nikazivisha vipande vya kanga, mmoja kilemba, mmoja kikoi. Nyumba nilizijenga kwa masanduku ya viberiti, nikazipaka chokaa. Kwenye dirisha nilitundika kaniki, ile nguo nyeusi, mara mbili chumba kikawa giza mchana, kisha nikaitoboatoboa kwa sindano. Jua la alasiri lilipopiga upande ule, mama, tulikuwa na nyota. Bakari alizitazama sana, na mimi nikajifanya natafuta uzi.

Nikamwekea na sauti. Mchele mkavu kwenye ungo, ukiuzungusha polepole, ni bahari. Ukiuharakisha ni mvua. Kipande cha bati kilichosalia paa lilipoezekwa ni radi. Beseni la maji lenye kioo ndani yake, ukilimulika tochi na kulitikisa, ukuta wote unatembea mawimbi. Dawa na mipira nikavifunika kwa kitambaa safi nyuma ya kitanda, nikafukiza udi, na mume wangu nikamvisha kanzu yake ya Idi. "Mimi ni maiti nini, ninapambwa?" akauliza. Lakini aliinua mikono nikamvisha.

Jumapili Omondi na Kahindi walipofika, nadhani walikuja kwa kuniogopa mimi. Wakasimama mlangoni. Kahindi akavua viatu bila kuambiwa. Giza, nyota, udi, na kitandani kuna mtu wa kanzu, uso unamulikwa na kandili kutoka chini. Bakari akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani aliyokuwa akiwaitia watu kazini, "Karibuni Chanjaani. Mmefika wakati mbaya. Maji yetu yameharibika."

Nikazungusha ungo. Hakuna aliyesema pole.

Omondi akachagua kuwa tabibu. Kahindi, yule mpole, akasema kwa aibu kwamba anataka kuwa mwizi. Walivuka kinamasi, wakadanganywa na mzee wa shamba, Kahindi akaiba punda. Mimi nikapiga bati pale panapohitaji radi, na mara nyingine pasipohitaji. Meza ilikuwa ni kigoda kilichofunikwa ramani, na mlima nilikuwa nimeufanya kwa mto wa kulalia. Lakini mto haukukaa. Kila wakipanda unaanguka, nyumba za viberiti zinapinduka, wanacheka, na nikaona Bakari anaanza kuchoka kwa kuinama kutazama chini.

Akasema, "Zuwena. Leta ramani hapa."

"Wapi?"

"Tandika kwenye miguu yangu."

Ungo ukanitulia mkononi. Tangu aanguke hakuwa amelitaja neno hilo, mama. Alikuwa anasema "huko chini". Omondi alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaichukua ile bafta, nikakunja shuka na mto nikaviweka chini ya magoti yake yakainuka, nikaitandika juu yake taratibu. Magoti yakawa vilele viwili na bonde katikati, bora kuliko mlima wowote ambao ningeutengeneza. Nikaziweka zile korosho kwenye nyayo zake.

"Mmefika chini ya mlima," Bakari akasema. "Mnafanya nini?"

Omondi akaishika korosho yake. Akauliza, si kama tabibu, ila kama Omondi, "Haikuumi, ndugu?"

"Ingeuma ningefurahi," Bakari akamjibu. "Panda, Omondi."

Akapanda. Alirusha dadu, akaisogeza korosho juu ya ugoko wa rafiki yake, akarusha tena, akaisogeza, machozi yanamtoka na hakuyafuta, na Bakari anamwambia hapa kuna jiwe linatikisika, hapa kuna pango, chagua. Miguu ile ambayo kila mtu alikuwa akiikwepa, sasa tulikuwa tumeinama juu yake sote, tunaikagua kama watu wanaotafuta njia.

Walikuwa karibu kufika kileleni mlango uliposukumwa. Shangazi Mwanasiti. Majirani walikwisha mwambia kwamba mkaza mwana wake amefunika madirisha mchana, anafukiza na kupiga mabati, na kwamba ama anapunga pepo au ameitwa mganga kutoka mbali. Alisimama na mkono kiunoni.

"Nyumba hii ni ya dua," akasema. "Sitaki mashetani yenu humu."

"Abee, Shangazi," nikasema, "hakuna shetani. Ni mchezo."

"Mchezo gani wa kumtambikia mgonjwa miguuni?"

Bakari akamjibu, "Shangazi, mji wetu hauna maji. Kisima kimeingia chumvi, na hawa wawili ndio tuliowatuma. Mmoja ni mwizi."

Shangazi akaitazama ramani. Akaikaribia. Akauliza chemchemi iko wapi, akaonyeshwa, akauliza kwa nini wapumbavu hawa wamepita upande wenye mawe na huku kuna njia ya mbuzi. Kahindi akasema hawakuiona. "Hamkuiona kwa sababu hamna mtu mzima," akasema, akakaa kitandani, akaagiza apewe korosho. Alitaka kuwa jemadari mwenye upanga. Mama, mpaka leo ndiye mkali kuliko wote. Anaswali alasiri, anakuja, na akishindwa dadu anasema sakafu imeinama.

Jumapili iliyofuata ndiyo Kaka Kombo alikuja kunichukua. Vipuri alikwisha vipata. Alipiga hodi akasikia radi ndani, akasukuma mlango, akakuta giza, moshi wa udi, na watu wamekizunguka kitanda. "Mnafanya nini kwa shemeji yangu?"

Shangazi hata hakugeuka. "Vua viatu ukae, mwanangu, usinivunjie mji."

Akakaa karibu na mlango na vipuri vyake mapajani. Nilikuwa namtazama yeye kuliko mchezo. Alimsikiliza Bakari. Alimwona anavyomkaripia Omondi, anavyomfanyia Shangazi sauti ya mbuzi, anavyotulia hadi chumba kizima kinatulia naye. Baada ya muda nikaona anasogea. Wasafiri walikuwa wamefika mahali panapotakiwa chombo cha kuvuka, na hakuna anayejua bahari. Bakari akasema, "Ufuoni amekaa nahodha mmoja, mgeni, amepakata vyuma. Haijulikani kama atakubali." Wote wakamtazama Kaka Kombo. "Inategemea upepo," akasema. Akapewa dadu.

Walipomaliza, Omondi na Kahindi wakatoka nje kupunga hewa, na Shangazi akaenda kuweka chai. Tukabaki watatu. Kaka Kombo akaizungushazungusha ile korosho ya nahodha, akasema, "Shemeji, siku ile uliniambia nimchukue. Bado unasema hivyo?"

Bakari akasema, "Siku ile nilikuwa…" akashindwa. Akaanza tena. "Sina haki ya kumzuia, Kombo. Mimi nitakuwa hivi hivi. Hili halitabadilika."

Hapo nikasema mimi. Nilikuwa na ungo mkononi na sikuuweka chini. "Mlipanga safari yangu nyinyi wawili mimi nimeshika sinia. Leo niulizeni."

Kaka Kombo akainamisha macho. Bakari ndiye aliyeuliza, tena kwa sauti ndogo sana. "Unataka nini, Zuwena?"

"Nataka kukaa. Si kwa huruma. Wiki hizi mbili nimekuwa na mume, na nilikuwa nimekosa mume muda mrefu. Lakini sikai na ukuta. Utanyolewa ndevu kesho, na utatoka barazani watu wakuone, na siku ukilala umegeuka kule nitakuja kukugeuza huku."

Akacheka, mama, kisha akalia, kisha akasema ndevu anyolewe leo. Kaka Kombo ndiye aliyemnyoa. Alimkata kidogo kidevuni.

Sitaki kukudanganya kama nilivyokudanganya mara ile. Miguu haijarudi wala haitarudi. Kuna siku anaamka hataki mtu. Kidonda kimoja mgongoni kilitusumbua sana mwezi uliopita, na mgongo wangu mimi pia unaniuma kwa kumwinua. Kuna Jumapili mchezo haunogi, Omondi amechoka na kazi, kaniki inaanguka. Lakini kila asubuhi Omondi, akiwa hana zamu, au vijana wa jirani, wanambeba hadi barazani, na watu wanaopita kwenda kivukoni wanasimama. Hawasemi pole tena. Wanauliza kama maji yamepatikana Chanjaani. Na mimi ninaposhona au ninapokwenda kupaka hina, najikuta nafikiria namna ya kufanya moshi utoke kwenye mlima bila kuunguza kitanda. Niko mzima, mama. Ulihofu nitanyauka huku. Nimenenepa hata, Kaka Kombo atakuambia.

Nisalimie Baba Mdogo Faki, mwambie dawa yake ya mgongo namtumia na mtu wa kwanza atakayesafiri. Msalimie dada Bimkubwa na mumewe, na mtoto wao mchanga ambaye sijamwona, nasikia ana masikio yetu. Msalimie nyanya Mafunda, na uniombee radhi kwake kwa kuwa sikuhudhuria harusi ya mjukuu wake. Mikono ya bi harusi ningeipaka mimi. Na wifi yangu, mke wa Kaka Kombo, mwambie ahsante kwa kutuazima mumewe siku zote hizo. Shangazi Mwanasiti anakusalimu na anasema mna mengi ya kuzungumza. Riziki anasema bibi aje na yule kuku mweupe.

Njoo, mama. Karafuu zikiisha kuanikwa, Kaka Kombo akulete, ukae nasi mpaka utuchoke. Bakari ndiye aliyenituma nikuandikie hivi, na amenituma swali. Anauliza, ukija Jumapili ukikaa kitandani pamoja nasi, ungependa kuwa nani? Nilimwambia mama yangu hajawahi kuulizwa hivyo, amekuwa mama yetu sote tangu alipokuwa binti mdogo, na kabla ya hapo alikuwa akiwalea wadogo zake. Akasema ndiyo maana anauliza. Basi fikiri taratibu, huna haraka. Ukitaka kuwa jemadari, mtagombana na Shangazi. Ukitaka kuwa msichana asiye na kazi yoyote, amekaa tu ufuoni anatazama maji, uwe hivyo. Nitakushonea nguo yake mimi, na hatutakutuma popote.

Ni mimi mtoto wako wa mwisho,
Zuwena